Mkono Juu ya Kitambaa

8 Februari

Kabati limefika, mwanangu, na lina taa ndani. Kioo mbele, kioo ubavuni, kikufuli cha shaba, na ukibonyeza swichi Kitabu cha babu yako kinang'aa utadhani kimeshafika mbinguni kikatuacha sisi. Nilitaka kuanza na salamu kama watu wenye adabu, kalamu ikakataa.

Haya, salamu sasa. Hujambo, Sindano wangu? Kiuno vipi, bado kinakusumbua kwa kuinamia cherehani? Unakula au unaonja tu? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto linalopiga kelele kila nikiinuka, nami nimelizoea kama mpangaji mkorofi. Kaka yako Bosi hajambo. Duka lake la vifaa vya ujenzi linakwenda mbele, na tumbo lake linakwenda mbele zaidi.

Nikueleze kabati, maana mwenye macho haambiwi tazama, ila wewe uko mbali. Seremala alilileta kwa mkokoteni mchana kweupe. Nikamwambia apite barabara kubwa, asipite uchochoroni, kwani tumeiba? Watoto wakafuata, wakubwa wakafuata watoto. Jirani yetu muuza vyombo, yule mwenye shingo ya kuchungulia, ameshakuja kuazima chumvi mara tatu, na chumvi anayo. Mzee wa kanisa naye alifika, akavua kofia, akasimama mbele ya kioo. Nikamwambia, "Mzee, mtaa mzima Biblia ya ukubwa huu ni hii moja." Akasema, "Na mnaisoma?" Nikamjibu, "Hii haisomwi ovyo, kurasa zake nyembamba kama ganda la kitunguu. Hii ni ya kuwekea mkono." Akavaa kofia yake akaenda.

Wewe unajua. Tangu niolewe nyumba hii, hakuna neno lililokubaliwa bila mkono kuwekwa juu ya Kitabu. Mpaka wetu na jirani, posa yako ile iliyovunjika, hata siku Bosi alipoacha sigara. Alizirudia, lakini hayo ni yake na mapafu yake. Nyumba yenye Kitabu hiki haitikisiki, na sasa kina taa, nani atatugusa?

Kile kitambaa chako cha zamani kilichokuwa kinakifunika nimekitoa. Kabati la kioo halivishwi nguo. Kiko kwenye droo ya vijiko.

Neno dogo la mwisho. Bosi anataka kuvunja kile chumba cha nyuma ajenge maduka ya kupangisha, na juu yake ghorofa. Mama yako mdogo itabidi asogee. Nitaongea naye, ni mtu mwelewa, ingawa tangu kabati lije hajalitazama. Anapita na ndoo yake ya maji kana kwamba pale sebuleni pana ukuta mtupu.

Ni mimi mama yako mzazi, mwenye kabati


21 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lipe pole, na ulikande kwa maji ya moto, usilizoee. Mimi sijambo. Kiuno kimepoa kidogo kwa kuwa msimu wa sare za shule umepita, sasa tunashona mashuka ya hospitali, mshono mrefu usio na kona. Msimamizi wetu bado ana ulimi mkali kuliko mkasi wake, ila juzi alikatwa na mkasi, kwa hiyo ametulia.

Kabati nimelifurahia. Nimemsoma muuza vyombo na chumvi yake nikacheka peke yangu, wenzangu wakadhani nimepata mchumba.

Lakini Mama, nilipofika kwenye lile neno dogo la mwisho nilishona shuka upande wa ndani ukawa wa nje. Chumba cha nyuma ni cha mama mdogo. Baba mdogo alipokuwa anakaribia kukata kauli tulikuwa watatu mle ndani, yeye, wewe, na mimi niliyeshika beseni. Mama mdogo alikuwa ametoka kuchemsha maji. Akakuambia, "Shemeji, mke wangu hana mtoto na kwao hakuna aliyebaki. Asitolewe hapa." Ukaenda sebuleni, ukaja na Kitabu, ukaweka mkono ukasema, "Ataishi chumba hiki mpaka siku zake ziishe." Baba mdogo alifumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mama mdogo aliporudi na maji, akamwambia, "Usiogope, shemeji ameahidi."

Nilikuwa msichana, lakini sikuwa kiziwi. Tafadhali zungumza na kaka. Kiwanja kina upande wa barabarani pia.

Mwanao, Sindano


10 Machi

Sindano mwanangu,

Marahaba. Natumaini uko salama, na mashuka yanakwenda. Goti nimelikanda, limenuna zaidi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Mimi nilizaa fundi cherehani, sikuzaa hakimu.

Nilisema, sikatai. Masikio yako nilikupa mimi, na nilikupa mazuri. Lakini hebu kumbuka sawasawa, wewe mwenye kumbukumbu. Siku ile Kitabu kilikuwa kimefunikwa. Kilikuwa na kile kitambaa chako chenye maua ya bluu, na mkono wangu ulikuwa juu ya kitambaa. Kitabu chenyewe sikukigusa hata kwa ukucha. Nimelifikiria jambo hili siku nyingi nikifuta kioo, ndipo likanijia, nikakaa chini kwa furaha. Yale yalikuwa maneno ya kumtuliza mgonjwa. Mtu anayetaka kuapa hasa, anatoa kitambaa.

Na usidhani anatupwa jalalani. Bosi amemtafutia chumba nje ya mji, kuna hewa safi. Amekataa hewa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nyumba ni ya watu wote, lakini kuna kuheshimu mwenye Kitabu." Akanijibu, "Dada, mimi sikulala kwenye Kitabu miaka yote hii, nililala kwenye neno lako." Unaona majibu hayo? Mtu aliyekuwa haongei, ameota meno uzeeni. Na kikohozi kile cha usiku na mchana, mpaka wageni wangu wanaokuja kutazama kabati wanauliza kuna nani huko nyuma.

Amekwenda kulalamika kwa mzee wa kanisa. Basi wazee watakaa nasi Jumamosi tarehe 29 Machi, hapahapa sebuleni mbele ya kabati. Mimi sina wasiwasi, kwa maana Kitabu kitakuwa upande wangu, kiko nyumbani kwangu. Ukitaka kuja, njoo. Vaa lile gauni la kijani, watu wajue nina binti anayejua kazi.

Mama yako aliyekuzaa kwa uchungu


17 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, nashukuru, na nakuombea uzima. Leo sina stori za msimamizi.

Kile kitambaa ndio mshono wangu wa kwanza. Mama mdogo alikaa nyuma yangu kwenye kigoda, akanishika viwiko nisiikimbize cherehani. Ua la pembeni lilipinda, nikataka kulifumua, akasema, "Liache, Mungu anajua lilikuwa linajifunza." Mkate ninaokula leo umetoka kwenye viwiko hivyo. Sasa unaniambia kazi ya mikono yake ndiyo iliyomzuia Mungu asikusikie ukimwahidi mumewe. Mama, kama nguo inamziba Mungu masikio, basi mimi ninayewashonea sare watoto wa shule nimewaziba wote.

Sikuandikii ili nikushinde. Nakuogopea. Kioo unakifuta kila siku, na huyu anayekohoa nyuma ya ukuta huohuo hujaniandikia hata mara moja kwamba umempelekea chai.

Nimeomba ruhusa kazini. Nitafika tarehe 28 jioni. Wazee wakiniuliza, nitasema nilichosikia. Wasiponiuliza nitasema pia. Ila ningefurahi zaidi nikikuta umeshasema wewe mwenyewe.

Mwanao, Sindano


24 Machi

Tumeshinda.

Hujambo mwanangu? Habari za kazi? Sisi wazima kuliko wazima.

Kikao kiliwahishwa wiki moja, kikafanyika tarehe 22. Bosi ndiye aliyewaomba wazee, maana mafundi wake walikuwa wamekaa bure. Ningekujulisha, lakini barua haina mabawa, na simu ya dukani kwa Bosi waya wake umeliwa na panya. Panya wa siku hizi hawachagui. Kwa hiyo usijisumbue na safari.

Ungeona sebule. Viti viliazimwa mpaka kwa muuza vyombo, naye akaja na viti vyake ili asipitwe. Mzee wa kanisa akaniuliza, "Mama, uliahidi au hukuahidi?" Nikafungua kikufuli, nikakitoa Kitabu, safari hii kikiwa kitupu, nikaweka mkono mzima, nikasema, "Sikuahidi." Mzee akamgeukia mama yako mdogo, akamwambia naye aweke mkono aseme. Akasema, "Sina haja ya kukishika. Mume wangu alikufa ametulia kwa sababu ya neno la huyu. Aliyelisikia, bado anasikia." Akainuka akaenda kufungasha. Ni maneno mazuri, sikatai, lakini mkono hakuweka, na asiyeweka mkono hana lake. Bosi akawaambia wazee, "Mmejionea." Wazee wakaondoka bila kumaliza chai. Nadhani walikuwa na haraka.

Na radi haikupiga, mwanangu. Kama ningekuwa nimekosea, si ningeanguka palepale? Hata goti siku ile halikuniuma. Mwenye kusoma alama asome.

Mama yako mshindi


6 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Barua yako ya ushindi nimeikuta imesukumwa chini ya mlango niliporudi. Nilikuja, Mama. Nilikuja tarehe 28 na gauni la kijani. Niliingia kwa mlango wa uani nikitaka kumsalimia mama mdogo kwanza, nikakuta chumba hakina paa. Mabati yamepangwa chini, pazia lake bado liko dirishani, na juu yake mbingu. Fundi mmoja alikuwa amekalia kile kigoda akila.

Nikamkuta kwa muuza vyombo, kwenye stoo, amelala kati ya maboksi ya vikombe. Huyo unayemcheka kwa shingo yake ndiye aliyemfungulia mlango. Hata hakuuliza maswali, alisogeza tu maboksi.

Nilisimama barabarani nikatazama dirisha lako. Taa ya kabati ilikuwa inawaka mchana. Ulikuwa unafuta kioo, na mdomo wako unaimba. Nilinyanyua mkono nibishe hodi, mkono ukanishinda. Mkono mzito huu nimeurithi, nadhani.

Nimekuja naye huku. Analala kitandani, mimi nalala kwenye godoro jembamba, tunagombana kila jioni nani alale wapi. Daktari amesikiliza kifua chake. Ni vumbi na baridi, kinatibika. Hajakusema vibaya hata neno moja, na natamani angekusema.

Jana kaniomba kitu kimoja. Anakitaka kile kitambaa chenye ua lililopinda. Wewe una kabati, hukihitaji. Kitume, Mama. Kikifika nitakuandikia. Kisipofika, sina la kuandika.

Sindano


13 Julai

Sindano wangu,

Hujambo huko? Kazi? Kiuno? Na huyo mgonjwa wako hajambo? Nauliza tu, usije ukasema mama yako hana utu. Mimi niko salama, nashukuru.

Barua zako zimekauka. Kila anayepita na mkoba namdhania mpeleka barua. Juzi nimemkimbilia mtu, kumbe anauza dawa za mende.

Jengo limepanda, mwanangu, usipime. Maduka chini yamekwisha, sasa wanamwaga zege la juu. Watu wakipanda basi stendi wanaambiwa, shukia pale kwenye ghorofa la Bosi. Mimi nakaa mlangoni nikiwa nimejifunga kitambaa kizuri cha kichwa, nawaonyesha kwa kidole: mwanangu huyo.

Wageni wa kabati wamepungua kidogo, labda ni jua hili. Muuza vyombo alikuwa na jambo lake na fundi bomba, nikamwita nikamwambia, njooni mkubaliane hapa, muweke mkono juu ya Kitabu, muwe na amani. Akaniambia, "Kaa nacho tu, mama. Sisi tutaaminiana hivihivi." Hivihivi! Tangu lini watu wakaaminiana hivihivi? Mzee wa kanisa akipita anainua kofia kutoka ng'ambo ya barabara. Zamani alikuwa anavuka.

Kitambaa sikitumi. Ukikitaka, njoo ukichukue kwa mkono wako. Sisemi zaidi.

Mama yako, anayekungoja ingawa hasemi


9 Novemba

Kwa mwanangu Sindano,

Hujambo mwanangu? Habari za siku nyingi? Habari za kazi, za majirani, za hapo mnapokaa? Mama yako mdogo anaendeleaje? Kifua chake kimepona? Anapata chai? Mwambie namsalimu. Mwambie hivyo kwanza, usiruke mstari.

Mimi sijambo. Goti ndilo limekuwa mwenye nyumba, mimi nimekuwa mpangaji.

Jengo limekwisha. Ni zuri, siwezi kusema uongo. Lina rangi ya krimu na madirisha yanayofunguka kwa kusukuma. Baada ya kulimaliza Bosi akaniambia nyumba ya mbele nayo imechakaa, imekaa vibaya mbele ya jengo, kama ndala kwenye suti. Ataivunja ajenge ghala la saruji. Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Mama, wewe una chumba chako." Akanionyesha. Ni kule nyuma, chini ya ngazi za ghorofa. Nilikijua hata kabla hajawasha taa. Wamejenga juu ya msingi uleule. Ukikaa kitandani dirisha liko palepale lilipokuwa pazia la mama yako mdogo, na watu wakipanda ngazi vumbi linakushukia kichwani.

Kabati halikupita mlangoni. Nililitazama likizungushwa huku na huku, upana likakataa, urefu likakataa. Bosi amelipeleka dukani kwake na Kitabu chake ndani. Liko nyuma ya kaunta, taa inawaka, anasema wateja wanamwamini zaidi. Wanasema ni duka la mcha Mungu. Zamani ningekuandikia hilo kwa wino mwekundu.

Sasa nisikilize. Kabla sijahamisha vyombo nilikwenda dukani nikamwambia, "Baba, niahidi kwamba nitaishi chumba kile mpaka siku zangu ziishe, hakuna atakayenitoa. Weka mkono." Akasema, "Hilo tu, Mama?" Akafungua kikufuli, akakitoa Kitabu. Nikafurahi, nikasema, nimelea. Halafu akasema, "Subiri kidogo." Akavuta droo ya kaunta, akatoa kile kitambaa chako chenye maua ya bluu. Sijui alikichukua lini kule kwenye vijiko. Akakifunika Kitabu, akakinyoosha vizuri pembe zote nne, ndipo akaweka mkono juu yake. Akasema, "Utaishi chumba hiki mpaka siku zako ziishe." Maneno yaleyale. Nani alimwambia maneno yale, mwanangu? Mimi ndiye niliyemsimulia, nikicheka, siku ile niliyogundua habari ya kitambaa.

Nilimwambia, "Kitoe hicho kitambaa." Akasema, "Mama, ya nini? Si nimeshaapa?" Akatabasamu. Ni mzuri akitabasamu, anafanana na mimi.

Ile ya mkuki kwa nguruwe usiniandikie, naijua tangu darasa la pili. Na usidhani nimekuja kwako na machozi. Sina machozi, nina goti. Nimekaa tu humu chumbani, Kitabu hakipo, nikajaribu kukumbuka kimeandikwa nini ndani. Miaka yote ile nimeifuta ngozi yake, nimeiwekea taa. Nilikumbuka vizuri harufu yake.

Ndiyo maana kitambaa siwezi kukutumia. Kinatumika.

Kuna sherehe ya kufungua jengo. Bosi amewaalika watu wote, mzee wa kanisa, wanakwaya, wenye maduka, wakubwa wa mtaa. Kabati litatolewa nje kwenye jukwaa, na mbele ya watu ataweka mkono aseme jinsi anavyomtunza mama yake. Najua atatandika kitambaa kwanza. Wengine hawatajua, wataona ni pambo. Mimi nikisema kitu wataniambia, "Mama, wewe si ndiye wa 'Sikuahidi'?" Mdomo wangu nimeutumia, umekwisha.

Lakini wewe masikio yako ni mazuri, na kitambaa ulikishona wewe. Njoo usimame mbele umwambie akitoe. Au usiseme kitu, simama tu, usikie, awepo mtu aliyesikia. Njoo na mama yako mdogo kama kifua kinamruhusu. Kitambaa ni chake, akichukue palepale jukwaani. Kiti chake nitakiweka kando ya changu. Asipotaka kukikalia nitakiacha wazi, watu waone.

Hii ni barua yangu ya nne tangu uache kujibu. Zile mbili za katikati sikuzituma, zilikuwa za majivuno.

Ni Jumamosi, tarehe 22 Novemba, saa nne asubuhi, na watu wote wanatarajiwa.

Mama yako, wa chumba cha nyuma